Kufuli likae kwenye kila filamu, si mlangoni: kufungua sehemu ya watu wazima ndani ya huduma ya familia

Swali: Huduma yetu ya kutiririsha video ilijengwa kwa ajili ya familia na inapatikana katika nchi zaidi ya kumi. Sasa tumepata haki za filamu na tamthilia nyingi za watu wazima: za uhalifu, za vita, za kutisha, na vichekesho vyenye lugha chafu. Wakubwa wanataka zikusanywe katika sehemu moja yenye jina lake ndani ya programu hiihii, na anayetaka kuingia aulizwe namba ya siri. Wengine tunaona afadhali tutoe programu ya pili. Nani yuko sahihi, na kazi ianzie wapi?

Jibu: Wakubwa wenu wako sahihi kuhusu sehemu ndani ya programu ileile, ila namba ya siri mlangoni ni kosa. Sehemu hiyo ni jina la biashara tu, inamwambia mtazamaji kwamba hapa kuna vitu vya namna fulani. Umri ni sifa ya kila filamu na kila epizodi, popote ilipo katika programu. Mkivichanganya viwili hivyo, mtafunga visivyohitaji kufungwa, na vinavyohitaji kufungwa vitapitia dirishani.

Kwanza tuelewane kuhusu neno "watu wazima". Nachukulia kwamba mnazungumzia filamu na tamthilia za kawaida ambazo hazimfai mtoto kwa sababu ya damu, matusi, dawa za kulevya au matukio ya chumbani. Kama kuna ponografia katika mzigo huo, itoeni kabla hamjasoma mstari mwingine. Duka la programu la Apple haliikubali, kampuni za kadi za malipo zina masharti yake tofauti, na sheria za nchi nyingi zinaiweka kapu jingine kabisa.

Mfano wa kujifunzia ni Disney+. Ilipozinduliwa Novemba 2019 ilikuwa na majina matano kwenye ukurasa wa mwanzo: Disney, Pixar, Marvel, Star Wars na National Geographic. Machi mwaka huohuo kampuni mama ilikuwa imekamilisha ununuzi wa sehemu kubwa ya kampuni ya filamu na runinga ya 21st Century Fox, na hapo ikapata ghala zima la vitu visivyoendana na chapa ya watoto. Marekani vilikuwa na pa kwenda, yaani Hulu, huduma nyingine ya kutiririsha ya kampuni hiyo. Nje ya Marekani havikuwa na nyumba. Ndipo tarehe 23 Februari 2021 jina la sita, Star, likaongezwa Ulaya, Kanada, Australia na New Zealand. Singapore ilianza huduma siku hiyohiyo ikiwa nalo tayari. Uingereza peke yake ilifungua na tamthilia zaidi ya 75 na filamu zaidi ya 280.

Amerika ya Kilatini ilipewa njia yenu mnaotaka programu ya pili. Star+ ilianza tarehe 31 Agosti 2021 kama huduma inayojitegemea, ikibeba pia michezo ya moja kwa moja ya ESPN. Katikati ya 2024 ikafungwa, na vilivyomo vikahamia Disney+. Marekani nako, tarehe 27 Machi 2024 Hulu iliingizwa rasmi ndani ya Disney+ kwa wateja waliolipia zote mbili, na tarehe 8 Oktoba 2025 jina Star likaondolewa katika nchi nyingine, nafasi yake ikachukuliwa na Hulu. Njia tatu zilizoanza mbalimbali zimekutana ndani ya programu moja. Si ajabu. Programu mbili maana yake ni mifumo miwili ya malipo, matoleo mawili kwa kila aina ya runinga, timu mbili za kupokea malalamiko, na mteja anayetafuta filamu asijue imo ipi. Programu ya pili ya watu wazima ina maana pale tu mnapotaka kuuza kitu tofauti kwa bei tofauti, hasa michezo, au pale haki mlizonunua zinapokataza kuchanganywa na huduma ya familia. Someni mikataba kabla ya kubishana.

Jina nalo lina gharama zake. Star+ ilikutana mahakamani Brazili na Starz, huduma ya filamu ya Marekani, waliodai kwamba majina yanafanana mno, na mambo yakaishia kwenye makubaliano. Tafuteni alama za biashara katika kila nchi mliyopo, na msichague neno linalosema "18" au "wazima". Jina la namna hiyo litawabana siku mtakapotaka kuweka humo vichekesho vinavyoweza kutazamwa na kijana wa miaka 12. Na siku hiyo itafika.

Hapa ndipo kufuli la mlangoni linapoonyesha udhaifu wake. Kwa kuwa Marekani haikuwa na Star, tarehe 16 Machi 2022 tamthilia za Marvel zilizotoka Netflix, zikiwamo Daredevil na Jessica Jones, ziliingia Disney+ chini ya jina la Marvel, na Julai mwaka huo zikafuata filamu kama Deadpool na Logan. Hizo ni kazi za watu wazima zilizokaa chumba kimoja na mashujaa wanaopendwa na watoto. Kufuli lililofungwa kwenye mlango wa sehemu fulani lisingegusa hata moja. Disney ilibadilisha wasifu wenyewe, yaani nafasi ya kila mtazamaji ndani ya akaunti moja: kila wasifu ukawekewa ukomo wa umri, na kwa kuanzia ukabaki TV-14 (daraja la runinga la Marekani la miaka 14 na kuendelea) mpaka mwenye akaunti auongeze. Huo ndio mpango mnaopaswa kuufuata.

Kazi ianzie kwenye madaraja ya umri, na hii ndiyo sehemu inayokula muda kuliko mnavyodhani. Filamu moja haina daraja moja. Uingereza hutumia U (wote), PG (kwa uangalizi wa mzazi), 12, 15 na 18. Ujerumani ina 0, 6, 12, 16 na 18. Uholanzi ina ngazi zaidi: AL (wote), 6, 9, 12, 14, 16 na 18. Australia ina M, ambayo ni ushauri tu, kisha MA15+ na R18+, ambazo zina nguvu ya sheria. Marekani filamu zina mfumo wake na runinga mfumo wake. Singapore inafika hadi R21. Msijaribu kutafsiri daraja la nchi moja kuwa la nchi nyingine kwa jedwali la kubuni. Damu inayopewa 15 mahali fulani inaweza kupewa 18 kwa jirani, na matukio ya chumbani yakawa kinyume chake. Pateni daraja la kila nchi kwa kila kazi. Kwingine mtatumia mfumo ulioidhinishwa wa kujipangia madaraja, kwingine lazima litoke kwenye chombo chenyewe kinachopanga madaraja. New Zealand, kwa mfano, huduma kubwa za kulipia zilizotajwa katika sheria zinalazimika kuonyesha madaraja ya huko tangu tarehe 1 Agosti 2021.

Katika hifadhidata, kila rekodi iwe na vitu vitano: nchi, chombo kilichotoa daraja, alama yake halisi kama inavyoandikwa huko, sababu zake (vurugu, lugha, ngono, dawa), na umri kwa tarakimu. Alama halisi ni ya kuonyeshwa kwa mtazamaji. Tarakimu ndiyo inayolinganishwa na ukomo wa wasifu. Msilinganishe alama zenyewe hata siku moja. Kompyuta ikipanga "9" na "12" kama maandishi itaweka 12 mbele ya 9, na kosa hilo hupita majaribio bila kuonekana kwa sababu madaraja mengine yote yanaonekana yako sawa. Rekodi isiyo na daraja ihesabiwe kuwa 18. Timu ya katalogi itanung'unika. Waacheni wanung'unike, maana ndicho kinachowafanya wajaze.

Daraja pia ni la toleo, si la jina. Ujerumani hasa kuna filamu nyingi za zamani zenye toleo lililokatwa lenye daraja la 16 na toleo kamili lenye 18. Kama mfumo wenu una namba moja ya utambulisho kwa filamu na faili mbili chini yake, ipo siku faili kamili itachezwa kwa daraja la iliyokatwa. Kila faili ya video ibebe daraja lake. Tamthilia zipimwe kwa epizodi, na kava la msimu lionyeshe daraja la juu kuliko yote. Trela zipimwe peke yake, kwani trela ya filamu ya 18 inaweza kuwa ya 12, na pia inaweza isiwe.

Data ikishakuwa safi, ukomo utekelezwe kwenye seva, yaani kompyuta zenu kuu, si kwenye kifaa cha mteja. Wahandisi wa programu watawaambia ni rahisi kuficha picha kwenye skrini. Ni rahisi kweli, na haina maana. Runinga zilizouzwa miaka sita iliyopita bado zina toleo la zamani la programu yenu, na toleo hilo halijui kwamba kuna kitu kinaitwa ukomo wa umri. Basi kila ombi (ukurasa wa mwanzo, utafutaji, maelezo ya filamu, kucheza, kupakua) lipite kwanza kwa seva inayojua wasifu upi unauliza na uko nchi gani. Mlinzi wa mwisho awe seva inayotoa funguo za kufungulia video, ileile inayohudumia Widevine, FairPlay na PlayReady, mifumo inayofunga video zisichezwe bila ruhusa. Umri wa faili ukizidi ukomo wa wasifu, ufunguo usitolewe. Hata kila kitu kingine kikivuja, video haitacheza.

Uvujaji wenyewe hutokea mahali ambapo watu hawatazami. Kashe, yaani hifadhi ya muda ya kurasa zilizokwisha kutengenezwa, ni ya kwanza. Kama ukurasa wa mwanzo huhifadhiwa kwa nchi tu, mtu mzima wa kwanza asubuhi ataujaza, na mtoto atakayemfuata ataupokea uleule. Ufunguo wa kashe lazima uwe na nchi, lugha na ukomo wa umri. Kisha kuna safu ya "endelea kutazama", inayobaki na picha ya kitu kilichotazamwa kabla ukomo haujashushwa. Vipicha vidogo vinavyotokea mtu anaposogeza video mbele mara nyingi hukaa kwenye anwani ya wazi isiyolindwa. Vitu vilivyopakuliwa kwenye simu hucheza bila intaneti, hivyo programu yenyewe ihakiki ukomo kila inapofunguliwa. Kinachofuata kucheza chenyewe filamu ikiisha, kutuma video kutoka simu kwenda runinga, utafutaji wa sauti, safu za mapendekezo ambazo runinga huzijenga yenyewe kutoka katalogi mliyowapa, viungo vinavyotumwa kwa ujumbe: kila kimoja ni mlango wake. Taarifa zinazoibuka kwenye simu zisitaje kazi yoyote iliyo juu ya 12, kwa kuwa hamjui nani ameishika.

Na tundu linalosahauliwa kuliko yote: kutengeneza wasifu mpya. Mtoto aliyefungiwa wake anaongeza wa kwake mwingine, anaupa jina la baba, na kazi imekwisha. Kuongeza wasifu kuombe nenosiri la akaunti, au wasifu mpya uzaliwe na ukomo wa chini.

Namba ya siri ya tarakimu nne ina michanganyiko 10,000. Baada ya makosa matano, mfumo usubiri dakika 15. Kwa mwendo huo ni majaribio 20 kwa saa, yaani saa 500 kuimaliza yote. Lakini mtoto hajaribu yote, anajaribu mwaka wa kuzaliwa wa mama yake. Kataeni 0000, 1234 na namba zote zinazofanana na miaka ya karibuni. Kuirejesha iliyosahaulika kupitie barua pepe ya mwenye akaunti, si kwenye runinga ileile.

Siku ya kwanza wasifu zote za zamani ziwe na ukomo wa 14 au chini yake, na mwenye akaunti aulizwe mara moja kama anataka kuupandisha. Aandike nenosiri. Kuandika nenosiri kwa rimoti ni adhabu, kwa hiyo wekeni msimbo wa QR aukamilishe kwenye simu. Akisema "baadaye", ukomo ubaki palepale. Mtapata malalamiko kutoka kwa watu wazima wasioona filamu waliyoambiwa ipo, na hilo ndilo litakuwa lalamiko kubwa la wiki ya kwanza. Dawa yake si kulegeza kufuli. Kwenye matokeo ya utafutaji ya wasifu wa kawaida, wekeni mstari mmoja unaosema baadhi ya matokeo yamefichwa na mpangilio wa umri, bila kutaja majina. Kwenye wasifu wa mtoto msiseme chochote.

Mapendekezo yanahitaji jicho pia. Katika nyumba nyingi wasifu wa kwanza hutumiwa na kila mtu, hivyo usiku mmoja wa filamu za mauaji unatosha kubadilisha ukurasa wote wa kesho asubuhi. Wekeni kikomo cha nafasi ambazo kazi za 16 na 18 zinaweza kuchukua kwenye safu tatu za juu. Bango kubwa la mwanzo litumie picha inayofaa umri wowote, hata kwa wasifu wa mtu mzima, kwa sababu huwa kuna wengine sebuleni.

Mambo ya sheria hutofautiana, ila mawili huwashtua wengi. La kwanza ni Ujerumani: kazi ya 16 huruhusiwa kati ya saa 4 usiku na saa 12 asubuhi, na ya 18 kati ya saa 5 usiku na saa 12 asubuhi, isipokuwa mtoa huduma awe na kizuizi cha kiufundi kinachokubalika. Ukomo wa wasifu wenye namba ya siri ndio unaowaokoa na saa hizo, kwa hiyo upelekeni ukahakikiwe mapema. La pili halihusu watoto hata kidogo. Umoja wa Ulaya unataka angalau asilimia 30 ya katalogi iwe kazi za Ulaya, na mwongozo wa 2020 unahesabu filamu moja kuwa moja na kila msimu wa tamthilia kuwa mmoja. Tuseme mna kazi 1,000, na 320 kati yake ni za Ulaya. Mko kwenye asilimia 32. Sehemu mpya ikileta 300, nyingi za Marekani, na 30 tu za Ulaya, mnakuwa na 350 kati ya 1,300, ambazo ni karibu asilimia 27. Kurudi juu ya 30 mnahitaji nyingine 58 za Ulaya. Bajeti hiyo iwekwe sasa, si baada ya barua ya msimamizi.

Ufaransa ina ratiba yake ya lini filamu ya sinema inaruhusiwa kufika kwenye huduma ya kulipia. Star ilipoanza, kiwango cha huduma za aina hiyo kilikuwa miezi 36. Kimepungua tangu 2022, lakini msiahidi filamu mpya bila kuangalia. Muziki wa tamthilia za zamani pia hukaguliwa: mara nyingi haki zilinunuliwa kwa matangazo ya runinga tu, na wimbo hubidi kubadilishwa.

Duka la programu litawauliza maswali mapya. Mkijibu kwa ukweli, daraja la programu yenyewe linaweza kupanda. Hapo simu na tableti za watoto zilizowekewa mipaka na wazazi zinaweza kuificha programu nzima, pamoja na katuni zilizowaleta wateja hao. Kama watoto ni sehemu kubwa ya watazamaji wenu, hii ni sababu nzuri ya kuwa na programu ya pili ya aina nyingine: iwe ya watoto, ndogo, isiyo na kitu juu ya 9. Sehemu ya watu wazima haihitaji ya kwake, isipokuwa kwa sababu nilizozitaja mwanzoni.

Kuhusu bei, Star ilipoingia, Disney+ ilipanda Uingereza kutoka pauni 5.99 hadi 7.99, na katika nchi za yuro kutoka 6.99 hadi 8.99. Waliokuwa wateja tayari walibaki na bei ya zamani kwa miezi sita. Igeni muda huo. Mzazi anayeongezewa bei kwa ajili ya kitu alichokifunga kwa mkono wake mwenyewe hatawashukuru, na miezi sita inampa nafasi ya kuona kama yeye binafsi anakitumia usiku watoto wakilala.

Kwa upangaji wa muda, kwa katalogi ya kazi 300 hivi katika nchi kumi, tengeni miezi minne hadi sita, na nusu yake iende kwenye madaraja na matoleo. Kufuli litoke kabla ya mzigo. Wiki mbili au tatu kabla ya uzinduzi, ukomo wa wasifu uwe unafanya kazi kwa wateja wote huku hakuna hata filamu moja ya 18 ndani. Katika kipindi hicho wekeni video ya majaribio ya dakika mbili, skrini ya rangi moja isiyo na sauti, iliyopewa daraja la 18 katika kila nchi. Wapeni watu wawili ambao hawakuijenga programu wasifu wa mtoto, runinga ya zamani, simu na tableti, na kazi moja tu: waifikie video hiyo kwa njia yoyote. Waanze na milango niliyoitaja. Kila wanapofaulu, andikeni njia, zibeni, warudie tangu mwanzo, kwa sababu kuziba kashe kuna tabia ya kufungua utafutaji.

Kitu cha mwisho kiwe swichi ya kuondoa kazi moja katika nchi moja ndani ya dakika chache bila kutoa toleo jipya la programu. Anayeishika awe zamu usiku wa uzinduzi, na awe na ruhusa ya kuibonyeza bila kumwamsha mtu.